Chupa B na Chupa D

Vijana wa maabara walipokuja kuniaga mwezi uliopita waliniletea keki iliyoandikwa jina langu kwa krimu ya waridi, na jina lenyewe limekosewa herufi moja. Badala ya Wakesho waliandika Wakecho. Waliniona nimeinama nimeshika tumbo wakadhani nimeudhika. Nilikuwa nacheka. Nilipopata pumzi niliwaahidi kwamba nitawaandikia kwa nini herufi moja inamchekesha mtu mzima kiasi hicho, na mstaafu hana kisingizio cha kukosa muda.

Nimefanya kazi katika maabara za mifugo zaidi ya miaka thelathini. Vyeo vyangu mtavisoma kwenye faili, kama panya hawajavisoma kabla yenu. Mimi nitaeleza mashine moja tuliyoiunda Garissa katika miaka ya tisini, watu walionifundisha kuitumia, na asubuhi moja ambayo nilikaribia kumwangamiza mtu asiye na hatia huku nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi.

Nilifika Garissa nikitokea Mwatate, kwenye ukungu, nikiwa na sweta tatu kwenye sanduku. Nilizivaa kwa macho tu. Maabara ilikuwa vyumba viwili, darubini moja, friji ya mafuta ya taa iliyokoroma kama mgonjwa, na meza ndefu ya saruji. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba nta ya kugandishia vipande vya nyama, ambayo kule chuoni iliganda ukiitazama tu, hapa ilikataa kuganda kuanzia saa nne asubuhi. Kwa hiyo tulianza kazi alfajiri, tukafunga saa sita, tukarudi jua likishapungua makali. Atakayewaambia kwamba sisi wa zamani tulikuwa na bidii kuliko ninyi, mwambieni ilikuwa ni nta.

Aliyenipokea ni Gedi, msaidizi wa mifugo, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina na miguu isiyojua kuchoka. Gedi alimjua ngamia mgonjwa kwa jinsi anavyoshika masikio. Alinifundisha kutandaza tone la damu kwenye kioo kabla halijakauka, maana huko porini una muda wa kupiga chafya mbili tu. Aliniita abaayo, yaani dada, tangu siku ya kwanza, ingawa angeweza kuwa baba yangu mdogo. Mimi nilimwita Mzee Gedi. Kusoma na kuandika alikuwa amejifunza ukubwani, na aliandika kama alivyosema: pikipiki ikawa bikibiki, punda akawa bunda, vidonda vikawa fidonda. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kalamu yangu nyekundu, na nilimsahihishia vibandiko vya chupa kana kwamba ni mtihani wa darasa la nne. Baada ya miezi michache akaacha kuandika maneno kwenye chupa. Akawa anaandika herufi moja moja tu. Nilidhani amepata utaratibu, nikampongeza.

Mwaka wa pili akaletwa Daktari Osiemo. Alishuka na kreti tatu za vitabu na suti mbili, akasema wakubwa wake wamemtuma Garissa kwa sababu ya mdomo wake, na kwamba mdomo amekuja nao. Alikuwa amesomea mishipa ya fahamu ng'ambo. Wiki ya kwanza alitukalisha mimi na Gedi kwenye benchi la nje akatueleza alichokuwa akikitafuta maishani.

Alisema seli za ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo usioonekana hata kwa darubini yetu. Seli inayotaka kusema na mwenzake ina vifuko vidogo mno kwenye ncha yake, vimejaa maji yenye ujumbe. Umeme wa mshipa ukifika, vifuko husogea ukingoni, hupasuka midomo na kumwaga ule ujumbe kwenye mwanya, na seli ya pili huupokea. Kukumbuka, kukasirika, kuinua kijiko, vyote ni vifuko kumwagika. Kazi yake ilikuwa kuunda vifaa vya kupimia umwagikaji huo: ni vifuko vingapi, kwa kasi gani, na kitu gani huvifunga midomo.

Gedi alifikiri kidogo, akauliza, "Daktari, hiyo fifuko, ngamia iko nayo?"

"Ngamia anavyo, Mzee. Hata wewe unavyo."

"Basi ni kazi ya hafisi hii," Gedi akasema, akaenda kuswali.

Tulianza na ubongo wenyewe. Tulichukua ubongo wa panya weupe, tukausaga polepole ndani ya bomba la kioo lenye maji ya sukari, tukauzungusha kwenye mashine ya kutenganisha, ili tupate ncha za seli zilizokatika zikajifunga zenyewe na vifuko vyake ndani. Ncha hizo, zikitunzwa, bado humwaga ujumbe ukizichokoza. Lakini zinataka baridi ya barafu tangu mwanzo hadi mwisho. Barafu tuliinunua kwa wauza soda, na ilifika mlangoni ikiwa maji. Umeme nao ulikatika kila mashine ilipopata kasi. Kwa miezi mitatu tulipima joto la Garissa, hatukupima kingine. Daktari alitukana kwa lugha nne, kisha siku moja akaja ametulia. Akasema tuuache ubongo kwanza, twende kwa jirani yake: pale mshipa unapokutana na msuli, vifuko ni vya namna ileile, vinamwaga kwa njia ileile, na msuli una adabu ya kuruka ukipata ujumbe, hivyo utaona kwa macho.

Sasa sikilizeni jinsi mashine ilivyokuwa, maana ninyi mna vioo vinavyochora vyenyewe. Tulichukua kiwambo cha panya, ule msuli mwembamba wa kupumulia, pamoja na mshipa wake. Tukauning'iniza ndani ya gilasi la maji ya chumvi na sukari. Hewa ya oksijeni tuliiazima kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, wakatuuliza tunachomelea nini, Daktari akawajibu, "Panya." Umeme wa kuuchokoza mshipa ulitoka kwenye betri ya gari, na kilichoukatakata ni kile kidude kinachowasha na kuzima taa za kukatia kona, tulichokitoa kwenye Land Rover iliyokufa. Tik-tak, tik-tak, na kila tik msuli unaruka. Uzi ulitoka kwenye msuli hadi kwenye kijiti cha unyasi mkavu, na ncha ya unyasi ikachora kwenye karatasi iliyotiwa masizi ya koroboi, imezungushwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na mkebe ukizungushwa na mitambo ya saa ya ukutani. Ndiyo maana kwa miaka miwili ofisi yetu haikuwa na saa.

Kila kitabu cha kazi hii kina sura nzima juu ya kupasha moto lile gilasi lifikie joto la mwili. Sisi tulikuwa na shida ya kulipoza. Tuliliweka ndani ya mtungi wa udongo uliofungwa gunia bichi, na kazi yangu ya kwanza ya kisayansi ilikuwa kumwagia gunia maji kila robo saa.

Tulijifunza kusoma michoro kama mnavyojifunza kusoma mwandiko wa mtu. Msuli mzima ulichora meno sawasawa, kama ya kitana. Ukitia dawa ya kuogeshea mifugo kupe, meno yalirefuka, yakatetemeka, yakavurugana, kwa sababu ujumbe unamwagika lakini haufutiki. Na kuna sumu ya pili, ile inayozaliwa kwenye mizoga inayooza, ambayo ndiyo iliyompendeza Daktari kuliko zote. Hiyo hufunga vifuko midomo. Meno yalifupika polepole, yakawa vinundu, yakawa mstari mnyoofu. Lakini ukiugusa msuli wenyewe kwa umeme, unaruka kama kawaida. "Unaona?" Daktari aliniambia mara ya kwanza, macho yamemtoka. "Mshipa mzima. Msuli mzima. Katikati, kimya." Nami nilisisimka mwili mzima. Nilielewa kwamba tulikuwa tumekipima kile kimya kwa unyasi na mkebe wa maziwa.

Haya, sasa zile chupa mbili.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Katika kijiji kimoja upande wa Hulugho, ambacho sitakitaja kwa sababu watoto wa wahusika sasa ni watu wazima, ng'ombe walianza kulala chini bila kuinuka. Hawakuwa na homa. Ulimi ulining'inia nje, miguu ikalegea, macho yakabaki wazi yanatazama. Kijiji kilikuwa na kisima kirefu chenye pampu na injini, na maji yalipandishwa kwenye tangi lenye kifuniko na kufuli, kisha yakateremshwa kwenye birika refu la saruji ambapo wanyama hunywa. Mwenye kulinda injini na ufunguo alikuwa Salat, mtu mkimya aliyegombana na nusu ya kijiji kwa sababu ya foleni. Hakumruhusu mtu kupita mbele, hata mzee. Ng'ombe walipoanza kufa, na kopo la dawa ya kupe likaonekana nyumbani kwake, watu hawakuhitaji mashine. Wazee wakamfungia kwenye stoo ya shule, kwa usalama wake, walisema.

Gedi alikuwa huko kwa kazi ya chanjo. Akawasihi wazee wasubiri maji yapimwe Garissa. Wazee wakakubali kwa sharti lililoeleweka na kila mtu: sumu ikiwa kwenye maji ya pampu, huo ni mkono wa Salat, maana kufuli ni lake; ikiwa kwenye birika tu, hilo liko wazi kwa kila kiumbe, na Salat anarudi nyumbani. Wenye ng'ombe walikuwa wameshaapa watakachomfanya akipatikana na hatia, na hakikuwa kumfukuza tu.

Chupa zilifika na msafara wa malori uliokuwa na askari, ndani ya boksi la chanjo. Gedi mwenyewe alibaki na wanyama. Barua yake ilikuwa na mistari mitatu: "Abaayo. Chuba mbili, B na D. Ng'ombe imelala mingi. Bima haraka." Nilicheka peke yangu. Nilijiuliza tumkatie nani bima, ng'ombe au Salat.

Daktari alikuwa Nairobi kutafuta chumvi za maji yetu. Kwa mara ya kwanza kazi yote ilikuwa yangu, na nilivimba kichwa, naungama. Nilitazama vibandiko. B, nikasema, birika. D, nikasema, dizeli, maana injini ni ya dizeli na watu wengi waliviita visima vya namna ile visima vya dizeli. Sikuona cha kuuliza.

Mtu wa kuuliza alikuwepo. Dada yake Salat, Kaltuma, alikuja na msafara uleule na chupa, akatandika mkeka wake kando ya mlango wa maabara, akakaa siku tatu. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, mfanyabiashara wa maziwa, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya mto. Kila asubuhi aliniletea chai ya maziwa ya ngamia kwenye chupa ya chai, akaniuliza, "Mashine imesema?" Nami nikimjibu, "Bado, Kaltuma, mashine haiharakishwi," kwa lugha ya mtu mwenye mashine.

Nilipima kila chupa mara tatu. B haikufanya lolote: meno ya kitana mwanzo hadi mwisho. D ilianza vizuri, halafu meno yakafupika, yakafupika, yakalala. Nikaugusa msuli, ukaruka. Nikachemsha maji ya D, nikapima tena, na nguvu yake ikawa imekwisha, kama inavyotakiwa kwa sumu ile. Haikuwa dawa ya kupe. Ilikuwa sumu ya mzoga, na ilikuwa kwenye D. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba hata leo nisingeirekebisha.

Asubuhi ya siku ya nne, saa tatu, nilivuka njia kwenda ofisi ya watu wa maji waliokuwa na redio ya mawasiliano, nikapeleka matokeo: maji ya pampu yana sumu, ya birika ni salama. Kwamba birika hujazwa na pampu hiyohiyo, na kwamba ng'ombe hunywa hapo, sikujiuliza hata mara moja. Mtu wa redio kule kijijini akajibu kwamba amepokea, na kwamba wazee watafunga injini kwa mnyororo, na mifugo iliyobaki itanyweshwa maji yaliyomo birikani baada ya swala ya alasiri, ndipo wamalizane na Salat. Kisha akazima ili kutunza betri hadi saa nane.

Nikarudi kumwambia Kaltuma. Nilimwambia kwa upole, au niliudhania ni upole.

"Sema tena," akasema.

Nikarudia.

"Maji ya bambu, Salat anakunywa kila siku. Mke yake anakunywa. Mbona hawajalala?"

"Kaltuma, mashine haina ndugu," nikamwambia.

Ningeweza kulipa chochote nisiwe nimeyasema maneno hayo. Hakulia. Alikunja mkeka wake, akaukunjua tena, akakaa juu yake akiutazama mlango wa maabara kama mtu anayeukariri.

Gedi aliingia saa nne na nusu, vumbi mpaka kwenye kope, amesafiri usiku kucha juu ya magunia. Nilikuwa na hamu ya kumwonyesha karatasi zangu. Nilizitandika mezani. "Tazama, Mzee Gedi. B safi. D, kimya kabisa."

Uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi!" akasema kwa sauti. "Salat ametoka!"

"Ametoka wapi? Sumu iko kwenye pampu."

"Bambu ni safi, umesema mwenyewe. B ni safi."

"B ni birika."

Gedi alinitazama kwanza kama mtu anayetafuta mzaha ulipo. "Abaayo, B ni bambu. D ni dar. Dar, hiyo ya saruji, ya ng'ombe kunywa. Sisi tunaita dar. Birika mimi nabikia chai."

Nilijua. Kabla hajamaliza nilikuwa najua, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akisema bambu kila siku ya Mungu kwa miaka mingi, na asubuhi ileile nilikuwa nimelisikia neno hilohilo kinywani mwa Kaltuma, na siku tatu nyuma nilikuwa nimecheka "bima haraka". Nilijua P yake iko wapi. Niliposoma chupa nikasahau ni mdomo wa nani ulioiandika.

"Kwa nini hukuandika neno zima?" nilimuuliza, na hata mimi nilisikia sauti yangu ilivyokuwa mbaya.

"Niliandika zamani," Gedi akasema. "Wewe ukaweka kalamu nyekundu. Nikaona aibu, nikaacha."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo iliponichoma zaidi. Nilitoka nje na kumwambia Kaltuma ukweli wote, nimesimama, mikono imeshikana mbele kama mtoto wa shule. Nilimwambia nimesoma kibandiko kinyume, kwamba ndugu yake hana hatia, kwamba ujumbe wa uongo umeshafika kijijini kwake na redio imezimwa hadi saa nane, na kwamba alasiri watawanywesha ng'ombe sumu kwa neno langu.

Alisimama. Nilidhani atanipiga na ningekubali. Akasema, "Mimi nimekaa hapa siku tatu. Mlangoni yako. Nimekuletea chai. Hukuweza kutoa kichwa nje, kusema, 'Kaltuma, B ni nini?' Hata mbuzi ingekuambia!"

"Ni kweli," nikasema.

"Wallahi ni kweli!" akasema, akashika mkono wangu, akanivuta kuelekea kwenye ofisi ya redio. Tulikaa huko watatu saa tatu na nusu, tukiitazama redio iliyozimwa. Gedi alijaribu kutafuta gari. Hakuna gari ambalo lingefika Hulugho kabla ya jua kuzama, hata kama lingepata askari wa kulisindikiza. Nilihesabu saa zilizobaki hadi swala ya alasiri. Nilijaribu kusali kwa namna ya kwetu na sikupita maneno mawili. Nilikuwa namwona mtu nisiyewahi kumwona, amekaa kwenye stoo ya shule kati ya madawati mabovu, akisikia watu wakikusanyika nje.

Saa nane kamili nilibonyeza kipaza sauti. Redio ikakwaruza, mtu wa kule akaitika.

"Sahihisho," nikasema. "Pampu ni safi. Nasema pampu ni safi. Birika lina sumu. Umepokea?"

"Nimebokea. B ni safi, B iko na sumu. Rudia, mama, sijaelewa."

"Usiseme B! Acha herufi! Pampu! Pampu!"

"Ndiyo, bambu. B kwa baba. Bambu iko na sumu, ulisema asubuhi."

"Hapana! Asubuhi nilikosea! Birika!"

"Birika ya chai?"

Nilikuwa nimeanza kulia. Kaltuma alininyang'anya kipaza sauti. Alizungumza Kisomali kwa muda usiozidi nusu dakika. Kisomali changu kilikuwa cha sokoni tu, lakini nililisikia neno dar mara tatu, na kila mara alilipiga kama mtu anayegongomea msumari. Mwisho akamwita mtu wa redio kwa jina la baba yake na la babu yake. Upande wa pili tukasikia mlio wa kiti kikianguka.

Tulingoja. Redio iliachwa wazi na tulisikia kuku, upepo, watu wakiitana. Gedi alitafsiri kwa kunong'ona: wamewazuia ng'ombe. Wamelizunguka birika. Wameng'oa kizibo, maji yanatoka. Kisha makelele mengi kwa pamoja, na Gedi akafunika uso kwa mikono yote miwili, akacheka. Kwenye kona ya birika, chini ya tope, walikuwa wamekuta nguchiro aliyeoza, amebaki manyoya na meno.

Nilihema. Sijui kama nimewahi kuhema hivyo tena, hata nilipojifungua. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, mikono imelegea kama iliyofungwa vifuko vyake vyote, na nilikuwa na furaha isiyo na sura. Hakuna aliyekunywa. Hakuna aliyeguswa. Nilirudia kimoyomoyo: hakuna, hakuna.

Baadaye ikaja sauti nyingine kwenye redio, ya chini, iliyokauka. Kaltuma aliposikia alikaa palepale nilipokuwa nimekaa. Walizungumza kidogo. Nikamwuliza Gedi anasema nini.

"Anauliza nani alifunga mnyororo injini yake. Anasema wameharibu mkanda."

Kaltuma akaniegemea, akasema kwa sauti ndogo nisiyojua kama anayo, "Sijamwambia ni wewe. Anafikiri ni redio ilikosea."

Ningeweza kuliacha liwe hivyo. Daktari angesema redio hukosea kila siku, na hilo nalo lingekuwa kweli. Nikaomba kipaza sauti. Nikasema kwa Kiswahili cha polepole, "Salat, mimi ni Wakesho wa maabara. Asubuhi ni mimi niliyesema maji yako yana sumu. Redio haikukosea. Nilisoma chupa vibaya. Nisamehe."

Sauti yake kavu ikarudi.

"Mama," akasema, "hawa wamenifungia siku sita. Wako hapa wote, wananitazama. Mtu wa kuomba msamaha ni wewe beke yako, na uko mbali."

Kisha akaniambia amesamehe, na kwamba anakwenda kuwasha injini kwa sababu foleni ni ndefu. Nikabonyeza tena kipaza sauti ili nimjibu. Kaltuma ndiye aliyenifungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kipaza sauti, maana nilikuwa bado nimekibonyeza, na kijiji kizima kilikuwa kinanisikiliza nikilia.